Sura ya Shamba Katika Kitabu cha Mwanasiti

Mama Dominika wa Milanzi, Ufipa, hakujua kusoma hata herufi moja, lakini kitabu cha Mwanasiti na Faraji alikuwa nacho kichwani chote, na asiyeamini alikuwa na hiari ya kwenda kukaa naye akipepeta ulezi, asikie. Angeanzia pale Faraji, fundi cherehani wa Pangani, anapomwona Mwanasiti kwa mara ya kwanza akiteka maji, na asingenyamaza mpaka siku ya harusi. Ukimkatiza kumwuliza bei ya maharage atakujibu vizuri tu, kisha atarudi pale pale alipoachia, kama mtu aliyeweka kidole kwenye ukurasa.

Alikipata kwa masikio. Marehemu mumewe, Tadei, alirudi na kitabu hicho kutoka mashamba ya mkonge huko Tanga, kabla ya ile vita kubwa ya pili, kikiwa kimefungwa ndani ya blanketi. Tadei alikuwa mtu mkimya kupita kiasi. Ukimpa habari njema alikohoa, ukimpa habari mbaya alikohoa, na mkewe peke yake ndiye aliyejua kikohozi kipi ni kipi. Lakini Jumapili, wakisharudi misa na kula, alitoa kigoda nje, akafungua kitabu, na maneno yakamtoka kama si yeye. Alisoma mpaka mwisho, akarudia mwanzo, akasoma tena. Alifanya hivyo mpaka macho yalipomwishia, na hata baada ya hapo alikishika tu kitabu magotini huku mkewe akimsimulia. Watu wa Milanzi walisema Tadei na Dominika wana watoto wanne na mkwe mmoja, Faraji.

Sehemu iliyopendwa kuliko zote ni ile ambayo Mama Dominika mwenyewe aliiita sura ya shamba. Faraji amekwenda ng'ambo kutafuta mali ya kuolea, amekaa miaka, hakuleta hata salamu. Siku anarudi, Mwanasiti anamwona kwa mbali, anachukua jembe lake, anakwenda zake shambani bila kusema neno. Faraji naye anachukua jembe. Haendi kusimama mbele yake na kupiga magoti ya kujionyesha. Anaanzia upande wa pili wa shamba, anakata majani, anayafunika kwa udongo, tuta baada ya tuta, mpaka jua linapowageukia wanakutana katikati, migongo inawauma wote wawili. Hapo ndipo anaposema, "Ulizika peke yako, nami sikuwepo. Sina la kujitetea. Nipe kazi yoyote unayoona inanifaa."

Wasichana wa Milanzi waliokuwa wakikaribia kuolewa waliletwa na shangazi zao kusikiliza sura hiyo. Wengine walilia. Mama Dominika aliwaacha walie kwanza, ndipo akaendelea.

Basi mtu ambaye heshima yake imesimama juu ya kitabu kimoja asingepaswa kufika dukani kwa Muhidin siku ile ya mnada. Lakini chumvi ilikuwa imekwisha nyumbani, akaenda.

Duka la Muhidin lilikuwa Katandala, na lilikuwa na baraza pana ambayo upepo wa kipupwe uliizunguka bila kuingia, ndiyo maana watu waliipenda. Muhidin mwenyewe alikuwa mtu wa mizani na magunia. Mpenda vitabu alikuwa mkewe, Kulsumu, mzaliwa wa Ujiji, mwanamke mchangamfu aliyesoma hata karatasi ya kufungia sabuni kabla ya kuitupa. Siku hiyo alikuwa amekaa kwenye jamvi, kitabu kipya mapajani. Kando yake alikuwa kaka yake, Selemani, dereva wa lori la Mbeya, na mbele yao alisimama Mwalimu Zenon, kijana wa Kifipa aliyefundisha shule ya jirani na ambaye alisimama hata penye nafasi ya kukaa, kwa mazoea ya darasani.

"Shikamoo, mama," Kulsumu alimwamkia. "Umekuja wakati wake hasa. Kaa hapa utuamue. Hawa wanagombania Mwanasiti."

"Marahaba, mwanangu. Wanagombania nini, na msichana wa watu kishaolewa?"

Walicheka, akapewa nafasi, akakaa. Na kwa kuwa aliitwa kuwa mwamuzi, aliweka kikapu chake chini kwa utaratibu na kunyoosha miguu. Moyoni alikuwa na furaha ambayo hakuificha.

Kumbe kitabu kile kilikuwa kimechapwa mara tatu, na kila mara kilitoka tofauti. Ilikuwapo chapa ya kwanza, ya zamani, nene, ambayo siku hizi huioni. Kulsumu aliisoma kwa baba yake akiwa msichana. Ilikuwapo chapa ya shule, nyembamba, ambayo Mwalimu Zenon alikuwa ameishika. Na ilikuwapo chapa mpya, yenye picha, aliyoileta Selemani kutoka Mbeya wiki ile.

"Chapa ya shule ndiyo bora," alisema Mwalimu Zenon. "Kiswahili chake kimenyooka. Hadithi inakwenda moja kwa moja. Zile kurasa za mapenzi na majahazi zimepunguzwa, na mwisho kuna maswali."

"Maswali," alisema Selemani. "Mtu amemaliza kusoma harusi, anaulizwa 'Faraji alikuwa na tabia gani?' Mwalimu, unawaharibia watu chakula. Tazama hii yangu. Tazama Mwanasiti alivyo."

Akaufungua ukurasa wenye picha. Mwanasiti alikuwa amevaa gauni la kubana na viatu vya kisigino, mkoba mkononi, anaelekea kisimani.

"Na ndoo ataibebea wapi?" aliuliza Mama Dominika.

Kulsumu alicheka mpaka akashika ubavu. Yeye alisema chapa mpya ina karatasi nzuri na herufi kubwa, lakini waliofanya picha hawakuisoma hadithi, na chapa ya shule imemnyonga Mwanasiti, maana barua zake zote zimeondolewa na amebaki kusema ndiyo, baba, na hapana, baba. Kwake yeye kitabu ni kile cha zamani, pamoja na kurasa zake za kuchosha. "Zile za majahazi nilikuwa naziruka," alikiri. "Lakini nilipenda kujua zipo."

"Na wewe, mama?" Selemani alimgeukia. "Wewe ndiwe mwenye Mwanasiti wa Milanzi. Ipi bora?"

Mama Dominika hakufikiri mara mbili. "Iliyo na sura ya shamba," alisema.

Walitazamana. Kulsumu akafunua chapa mpya, akatafuta. Mwalimu akafunua ya shule. Hawakuona shamba lolote. Faraji anashuka chomboni, anapokewa, harusi inafungwa. Kulsumu alijaribu kukumbuka ile ya zamani, akatikisa kichwa polepole.

"Hebu tusimulie, mama," alisema.

Mama Dominika akawasimulia, kama alivyowasimulia wengi. Alipofika kwenye majani na matuta, Selemani akaanza kutabasamu, na Mwalimu Zenon akainua mkono kama mwanafunzi.

"Mama, hayo ni matuta ya ntumba."

"Ndiyo, ntumba. Angelima vipi tena?"

"Ntumba ni ya kwetu huku Ufipa. Majani ya kufukiwa, tuta la duara. Pangani wanapanda minazi."

"Kwani ardhi ya Pangani haioni njaa? Haitaki majani?" alisema Mama Dominika. Maisha yake yote aliamini kuwa watu wote waliobatizwa na wasiobatizwa wanalima ntumba, maana mtu mwenye akili atalimaje vingine? Selemani, aliyezunguka nchi nzima na lori lake, alimwambia kwa upole kwamba hajaona tuta la namna ile popote akishaiacha Ufipa nyuma yake. Kisha akacheka, si kwa ubaya, na Kulsumu akacheka, na Mama Dominika angecheka nao kama Mwalimu asingeongeza neno.

"Labda marehemu alikuwa anakishika tu kitabu," alisema Mwalimu Zenon. "Wazee wengi wa zamani wanakariri. Hata sala za kigango wanazijua kwa moyo, ukiwageuzia kitabu juu chini wanaendelea vile vile."

Hakuwa kijana mbaya. Alikuwa kijana tu. Lakini Mama Dominika alihisi uso wake umepata moto. Tadei alikuwa msomaji wa kigango cha Milanzi. Padre alipokuwa hawezi kufika, Tadei ndiye aliyesimama mbele ya watu na kuwasomea. Kama hakujua kusoma, basi aliwadanganya Wakristo wote wa Milanzi, na alimdanganya mkewe kila Jumapili ya ndoa yao.

"Kitabu ninacho," alisema. "Ile ile chapa ya kwanza. Nitakileta."

Akanunua chumvi, akashika njia.

Lakini kusema ni rahisi. Kitabu kilikuwa ndani ya sanduku, chini ya shuka za sikukuu, na hajawahi kumpa mtu akifungue tangu Tadei azikwe. Siku zilizofuata aliliendea sanduku mara nyingi, akaliacha. Kama asingekipeleka, watu wangecheka kidogo na kusahau, na angebaki na Tadei wake. Akikipeleka, angeweza kurudi bila kitu. Alimkasirikia Mwalimu, akamkasirikia Selemani na viatu vyake vya kisigino, mwisho akamkasirikia Tadei mwenyewe, ambaye alikuwa amelala kimya makaburini kama kawaida yake, hata kukohoa hakohoi.

Kilichomwondoa nyumbani ni aibu ya kuogopa. Mke wa msomaji hawezi kuogopa kitabu, alijiambia. Siku ya mnada akakifunga kwenye kanga, akaenda Katandala, akakiweka mapajani mwa Kulsumu mbele ya wote watatu.

"Soma," alisema. "Popote unapotaka. Soma kidogo halafu uniachie."

Kulsumu alikifungua kwa mikono miwili. Karatasi zilikuwa za rangi ya chai na zilinuka moshi. Alisoma mstari mmoja, Faraji akipima kitambaa cha baba yake Mwanasiti, akanyamaza. Mama Dominika akaendelea. Kulsumu alifuata kwa kidole, na kidole hakikusimama mahali. Akafunua mbele zaidi, kwenye barua ya Mwanasiti ya kwanza. Mama Dominika aliisema yote, mpaka salamu za mwisho kwa shangazi. Wakajaribu hata zile kurasa za majahazi ambazo Kulsumu hakuwahi kuzimaliza, na zilitoka kinywani mwa Mama Dominika na majina ya matanga yote. Selemani alipiga makofi. Muhidin, aliyekuwa akipima sukari ndani, alitoka mlangoni na kijiko chake kusikiliza.

Mwalimu Zenon alisogea, akachuchumaa kando ya jamvi, akasoma mwenyewe huku akisikiliza. Alipoinuka hakuwa na uso wa darasani.

"Alisoma," alisema. "Tena alisoma vizuri, kila neno mahali pake. Nisamehe, mama. Nilisema nisilolijua."

"Nimekusamehe," alisema Mama Dominika, na ni kweli alikuwa amemsamehe, maana furaha ilikuwa imemjaa kifuani mpaka hasira haina pa kukaa. "Sasa nenda kwenye shamba."

Kulsumu akafunua. Faraji akashuka chomboni. Kulsumu alisoma kwa sauti, taratibu, namna mjomba wake alivyompokea, namna mzigo ulivyoteremshwa. Akageuza ukurasa, na ngoma ya harusi ikaanza kupigwa.

Alirudi nyuma, akahesabu namba za kurasa, akapitisha vidole kwenye mshono. Hakuna iliyochanika. Akampa Mwalimu, naye akakagua, akakirudisha.

"Haimo, mama," alisema Kulsumu.

"Haimo," alirudia Mama Dominika.

Selemani alijaribu kusaidia. Alisema huenda kuna chapa ya nne. Mwalimu Zenon, ambaye sasa angefanya lolote kumtetea marehemu, alisema inawezekana kabisa, wachapaji hukata sura nzima, na Tadei huenda aliisikia hukohuko Tanga kwa mtu mwenye chapa nyingine. Wakaanza kubishana ni nani aliyeikata na kwa nini, wakasahau kwamba hawajui kama iliwahi kuwapo. Kulsumu peke yake hakuingia. Alikuwa amekunja uso, amekishika kitabu kifuani.

"Kuna kitu sikielewi, mama," alisema. "Katika ile sura yako Faraji anasema, 'Ulizika peke yako, nami sikuwepo.' Alimzika nani? Humu ndani hakufa mtu. Baba yake Mwanasiti mzima, mama mzima, mpaka bibi yake anacheza ngoma kwenye harusi. Mwanasiti hakuzika mtu yeyote."

Mama Dominika alifungua kinywa kumjibu. Siku zote yeye naye alijiuliza jambo hilo. Alidhani alisinzia Jumapili moja, akapitwa na msiba, na aliona haya kumwuliza Tadei.

Kisha akakumbuka.

Alikuwa na umri wa msichana bado Tadei alipokwenda mkongeni. Aliondoka mke akiwa na mimba ambayo wote wawili hawajaijua vizuri. Mtoto alizaliwa, akawa wa kiume, akacheka, na kabla ya kuota meno akafa kwa homa wakati wa mvua. Dominika na ndugu zake walimzika, Tadei akiwa Tanga, na habari ilipompata, akiwa njiani kurudi, alikaa mwaka mzima zaidi bila kufika, hakuna aliyejua alikuwa wapi. Alipofika, Dominika alimwonyesha kwa kidole mahali mtoto alipolala. Tadei alitazama. Akakohoa. Kile kikohozi kimoja ndicho ambacho Dominika hakuwahi kujua maana yake. Jambo lile halikusemwa tena na mtu katika nyumba ile, si mwaka ule wala miaka iliyofuata, na watoto wengine walizaliwa na kukua juu ya ukimya huo. Na kitabu kikaanza kusomwa Jumapili ya kwanza baada ya yeye kurudi.

Sasa aliiona Jumapili ile ya sura ya shamba kama iko mbele yake. Tadei ameshika kitabu, macho yake yako chini, anasoma polepole kuliko kawaida, anakwama, na yeye akadhani ni maneno magumu. Anafika kwenye maneno ya Faraji pale katikati ya shamba. Anafunga kitabu. Kisha, yeye ambaye hakuwa na desturi ya kuuliza watu mambo, anauliza, bila kumtazama, "Unaonaje? Atamsamehe?"

Na yeye Dominika, mikono yake ndani ya ungo, akajibu bila hata kufikiri, maana ilikuwa hadithi ya watu wa Pangani. Alisema atamsamehe, lakini kwanza alimalize lile shamba, maneno matupu hayashibishi.

Wiki ile yote Tadei hakuonekana nyumbani mchana. Alikwenda peke yake kwenye shamba la mteremkoni, lile alilolima mkewe peke yake miaka yote ya mkonge, akalifunika lote kwa ntumba mpaka viganja vikachubuka. Dominika alimpelekea uji huko. Alikumbuka alivyosimama na kibuyu, akashangaa mwanamume huyu amepatwa na bidii gani. Jumapili iliyofuata kitabu kilifunguliwa, na kilisema kwamba Faraji alilimaliza lile shamba, na Mwanasiti akamwambia yamekwisha, twende nyumbani. Alifurahi sana siku hiyo. Alimwambia Tadei kwamba mwandishi wa kitabu hiki, awe nani awe nani, anawajua wanawake. Na Tadei akacheka. Ndiyo, alicheka kwa sauti, akajifuta macho, na yeye akaona ajabu kidogo, akaendelea na ulezi wake.

Machozi yalimtoka Mama Dominika pale barazani mbele ya wote, hakuyafuta. Kulsumu aliweka kitabu pembeni akamshika mkono. Mwalimu Zenon alidhani ni aibu, akajilaumu tena, akasema kwa haraka kwamba kitabu si kitu, mama, kosa la wachapaji si lako wala la marehemu.

"Si aibu, mwanangu," alisema Mama Dominika. Alikuwa anatabasamu ndani ya machozi, na moyo wake ulikuwa mwepesi kama wa mtu aliyetua mzigo aliousahau kichwani. "Wachapaji waacheni. Hawakukata kitu."

Hakuwaeleza yote siku ile. Aliwaambia tu kwamba sura ile ilitungwa Milanzi, na mtu mmoja, kwa ajili ya mtu mmoja, ndiyo maana ina ntumba. Kulsumu alielewa zaidi ya alichoambiwa. Mwalimu aliinamisha kichwa. Ni Selemani aliyeshindwa kuvumilia, kwa kuwa yeye alipenda hadithi zifike mwisho.

"Lakini, mama," aliuliza, "huyo aliyetunga, alisamehewa?"

"Alisamehewa," alisema Mama Dominika. "Alisamehewa Jumapili ile ile. Yeye alijua. Mimi ndimi niliyejua leo."